Kuzuia: Nguzo ya Nyumba au Mti wa Njiani?



 

Safari hii tunataka kufikiri pamoja juu ya neno moja ambalo kila mtu analisema kila siku, hata mtoto mdogo: neno kuzuia. Hatukulichagua kwa sababu ni neno gumu. Tulilichagua kwa sababu limetuhukumu sisi wenyewe, na ni vizuri tuanze kwa kuungama.

Ilikuwa siku ya yenga, majira ya mvua, katika nyumba moja ya sala kando ya barabara. Ibada ilikuwa imekwisha kuanza. Akaja mama mmoja tusiyemjua, miguu yake imejaa matope, na mtoto mgonjwa mgongoni. Alikuwa ametoka kwao usiku. Hakuwa na kitambaa kichwani. Ninyi wote mnajua kwamba kwetu mama haingii mbele ya Mungu kichwa wazi. Mlinzi wa mlango akamwambia kwa heshima: «Mama, utusamehe, huwezi kuingia hivi.» Yule mama hakukasirika. Alisema: «Njiani nimepita barieri mbili. Kwa ile ya kwanza nilitoa franka zote nilizokuwa nazo. Kwa ile ya pili sikuwa na kitu tena, wakachukua kitambaa changu. Kule walinizuia juu ya pesa, nikawaachia kitambaa. Hapa mnanizuia juu ya kitambaa. Sasa ninyi niwaachie nini?»

Mlinzi alinyamaza, halafu akasema atauliza wakubwa wa parokia. Lakini wakubwa walikuwa katika sala, na hakuna aliyetaka kuwasumbua. Sisi tuliokaa karibu na mlango tulisikia maneno yote. Tuliendelea kuimba. Tulipotoka, mama hakuwepo tena. Tuliuliza njiani. Wengine walisema amekwenda mbele kutafuta dawa, wengine walisema amerudi nyuma. Mpaka leo hatujui alikwenda wapi, wala mtoto alikuwa namna gani.

Hili ndilo jambo linalotusumbua. Mlinzi hakuvunja sheria, aliifuata. Na sheria yenyewe ni njema, tumeipokea kwa wazee wetu katika imani. Basi, kosa lilikuwa wapi? Kama sheria ni njema na mlinzi ni mwaminifu, kwa nini dhamiri zetu zinatuchoma?

Tutazame kwanza neno lenyewe. Katika Kiswahili tuko na maneno mengi ya jamaa moja, na kila neno lina kazi yake. Kukataza ni kazi ya kinywa: mkubwa anasema usifanye, wewe unaweza bado kufanya. Kupinga ni kulaza kitu kwa kukata njia, kama vile mtu anavyolaza mti toka upande huu mpaka upande ule. Kuziba ni kufunga tundu. Kikwazo ni kile kinachokwaza mguu, na mara nyingi hakuna aliyekiweka kwa kusudi. Lakini kuzuia ni neno la mikono. Anayezuia ameshika kitu, anakibana kisiende.

Na hapo ndipo tunapoona ajabu ya neno hili. Mama anamzuia mtoto asianguke motoni. Mtu mwenye hekima anazuia hasira yake. Mwenye msiba anazuia machozi mpaka wageni waondoke. Nguzo inazuia paa lisituangukie. Tena, mwizi anazuia njia, mkubwa mbaya anazuia haki ya mjane, na mwenye wivu anazuia ndoa ya mwenzake. Neno ni lilelile. Mti uleule, ukisimamishwa, unazuia paa, na watu wanalala chini yake kwa usalama. Ukilazwa njiani, unazuia watu, na hakuna anayepita bila kuteseka. Mti haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali ulipowekwa, na moyo wa yule aliyeuweka.

Kwa hiyo tusiulize tu: je, kuzuia ni vibaya? Swali hilo halina jibu. Tuulize: mti wetu umesimama au umelala?

Biblia inatuonyesha pande zote mbili. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22, Balaamu amepanda punda wake, anakwenda mahali ambapo Mungu hataki. Malaika wa Bwana anasimama njiani na upanga. Punda anamwona, Balaamu hamwoni, anampiga punda mara tatu. Wanaojua Kiebrania wanatufundisha kwamba neno lililotumika pale kwa malaika, yaani yule anayesimama mbele ya mtu kumpinga, ni neno lilelile ambalo ndani yake tumepata jina la Shetani. Tafakarini neno hilo, ndugu. Malaika wa Mungu alifanya siku ile kazi ya kupinga njia, na barieri yake iliokoa maisha ya mtu.

Tena Mtume Paulo. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, tunasoma kwamba Roho Mtakatifu alimzuia asihubiri katika Asia, halafu akamzuia asiingie Bithinia. Lakini katika barua yake ya kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 2, anaandika kwamba alitaka kwenda kwao zaidi ya mara moja, na Shetani akamzuia. Mtume ni mmoja, miguu ni ileile, njia imefungwa mara hii na mara ile. Alijuaje kwamba huku ni Roho na kule ni Shetani?

Wengi wetu hatujiulizi. Siku hizi kijana akikosa kazi, anasema: «Niko na blokaji.» Dada akichelewa kuolewa, anasema kuna mtu amemfunga. Biashara ikianguka, tunatafuta bibi mzee wa jirani, au mtoto yatima wa nyumbani, tunasema huyo ndiye mchawi aliyezuia baraka. Katika nchi yetu ya Kongo watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa neno hilo, wakalala barabarani. Hatusemi kwamba Shetani hayupo. Tunasema hivi: yule mama wa siku ya yenga, kama angetafuta aliyezuia baraka yake, asingekuta mchawi. Angetukuta sisi, tumevaa nguo safi, tunaimba. Kabla ya kumtafuta aliyekuzuia wewe, hesabu kwanza wale uliowazuia.

Sisi, watoto wa kanisa la nabii, tungepaswa kulijua jambo hili kuliko wengine, maana kanisa letu lilizaliwa mbele ya mlango uliofungwa. Tarehe 6 aprili 1921, Papa Simon Kimbangu alianza kazi ya uponyaji huko Nkamba. Watu waliacha mashamba na kazi za wazungu, wakamfuata kusikia Neno. Bula Matari aliogopa. Nabii alijitoa mwenyewe mikononi mwao mwezi wa septemba mwaka uleule, na tarehe 3 oktoba mahakama ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji alibadilisha hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Basi nabii alipelekwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na huko alikaa mpaka alipofariki tarehe 12 oktoba 1951. Miaka 30 ya kuzuiliwa, kwa kazi iliyodumu miezi michache tu!

Na wafuasi wake? Walizuiliwa kusali, kuimba, kukusanyika. Mapokeo ya kanisa letu yanahesabu jamaa 37.000 zilizohamishwa kwa nguvu na kutawanywa katika nchi nzima. Wengine waliletwa mpaka huku kwetu mashariki, katika kambi ya Lowa, kando ya Lualaba, unapoteremka mto kutoka Kindu. Hata wasiokuwa wa sala yetu waliguswa na mkono huohuo: mwaka 1948 serikali ilipiga marufuku bwami ya Balega. Hatutaki kusema hapa kama bwami inamfaa Mkristo au haimfai. Tunasema tu kwamba mwenye hofu, akianza kulaza miti njiani, hachagui tena nani apite.

Lakini ona kazi ya Mungu. Waliohamishwa walikuja na Biblia na nyimbo ndani ya mioyo yao. Bula Matari alitaka kuzuia moto usiwake, kumbe alikuwa anachukua makaa mikononi mwake mwenyewe na kuyatupa katika kila pembe ya Kongo. Tarehe 24 desemba 1959 kanisa lilikubaliwa na serikali, miezi sita tu kabla ya uhuru. Mama Muilu Marie, aliyelinda kazi ya Mungu kwa siri miaka ile yote, alikuwa amefariki mwezi wa aprili wa mwaka uleule.

Basi, wapenzi, watu waliotoka katika mateso kama hayo wanaweza nao kulaza mti njiani? Ndiyo, wanaweza. Tumejionea. Aliyefungwa jana anaweza kuwa mlinzi wa gereza leo, kama hakulinda moyo wake.

Turudi sasa kwa swali la Paulo: tutajuaje? Tunaomba mtusaidie kufikiri kwa mfano wa barabara yetu wenyewe. Barabara zetu za Maniema ni za udongo, na kila mmoja wetu anajua mvua inazifanya nini. Wazee wanakumbuka wakati wa makantonye na wakati wa barieri ya mvua. Mvua ikinyesha, mti ulishushwa, malori yalisimama kwa masaa mpaka njia ikauke. Wenye haraka walinung'unika. Lakini kila mtu alijua sababu: lori zito likipita katika matope linachimba mashimo, na kesho hakuna atakayepita.

Siku hizi tunajua barieri ya namna nyingine. Mwaka 2017 watafiti walihesabu barieri 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, majirani zetu, nyingi kati yake zikiwa za kutoza watu na mali zao. Mama mwenye kikapu cha mihogo analipa, mwenye baiskeli analipa, mchimbaji anayerudi na gramu chache za dhahabu analipa. Mti wa barieri hii na mti wa barieri ya mvua vinafanana. Ukivipiga picha huwezi kuvitofautisha. Tutavitofautisha kwa maswali matatu.

Swali la kwanza: kizuizi hiki kinalinda nini? Barieri ya mvua inalinda njia, na njia ni ya wote. Barieri ya pesa inalinda tumbo la aliyeiweka. Malaika alimlinda Balaamu mwenyewe, aliyekuwa anakwenda kupotea. Kizuizi cha Mungu kinamlinda hata yule kinayemzuia.

Swali la pili: je, anayezuia amefungwa naye na kizuizi chake? Lori la tajiri na lori la maskini yalingoja mvua ileile. Kama mkubwa anapita na mdogo anazuiliwa, hiyo si sheria tena, ni mzigo. Katika Luka, sura ya 11, Bwana Yesu aliwalaumu wenye sheria kwa sababu walishika ufunguo, hawakuingia wao wenyewe, na waliokuwa wanaingia wakawazuia.

Swali la tatu, na hili ndilo lililotuangusha: je, anayezuia anaonyesha njia ya kupita? Roho alimzuia Paulo asiende Asia, lakini hakumwacha amekaa njiani. Halafu usiku alimwonyesha mtu wa Makedonia anayemwita. Malaika alimwambia Balaamu afanye nini. Barieri ya mvua ilifunguka jua likitoka. Lakini barieri ya pesa inafunguka kwa pesa tu, na kesho inakuwepo tena, maana haikuwekwa ili iondoke. Mkono wa Mungu unafunga upande huu na kufungua upande ule. Mkono unaofunga tu, na kukuacha umesimama, tuuangalie vizuri ni wa nani.

Tuipime sheria ya kitambaa kwa maswali haya. Inalinda nini? Inalinda heshima ya mahali pa sala, na heshima ya mama mwenyewe. Je, inawafunga wote? Ndiyo, mke wa mkubwa na mke wa mkulima wanafunika kichwa sawasawa. Kwa maswali mawili ya kwanza sheria yetu ni nguzo iliyosimama. Lakini siku ile hatukuonyesha njia. Ndani ya nyumba walikuwa mama zaidi ya 40. Kila mmoja wao alikuwa amejifunga kitenge, na wengi walikuwa na kitenge cha pili juu yake. Kitenge kimoja tu kingetosha! Kingepitishwa mkono kwa mkono mpaka mlangoni, sheria ingetimia, mama angeingia, mtoto angeombewa. Sheria haikumzuia yule mama. Tulimzuia sisi, tukajificha nyuma ya sheria. Tuliikuta nguzo imesimama, tukaiangusha njiani.

Mtu mmoja atatuambia: «Mkianza kuazima vitambaa mlangoni, watu watadharau sheria, kila mmoja atakuja anavyotaka.» Tunamjibu: anayepewa kitambaa hakuvunja sheria, amesaidiwa kuitimiza. Sheria inadharauliwa zaidi pale watu wanapoona inatumika kumfukuza mgonjwa.

Mwingine, na hasa vijana wetu, atasema: «Basi ondoeni sheria hizi zote. Mungu anatazama moyo. Kanisa linatuzuia pombe, linatuzuia tumbaku na bangi, linatuzuia dansi, linatuzuia kuoa wake wawili. Mbona nanyi ni barieri?» Vijana wapenzi, swali lenu ni zuri, hatutalikwepa. Pimeni ninyi wenyewe. Pombe imezuiliwa kwa faida ya nani? Nendeni kwenye machimbo ya dhahabu, mtazame mshahara wa mwezi unavyokwisha kwa usiku mmoja, halafu mrudi nyumbani kwa yule mchimbaji, mtazame watoto wake wanakula nini. Je, sheria hii inamfunga mchungaji pia? Inamfunga, na akiivunja mna haki ya kumuuliza. Je, inaonyesha njia? Mwimbaji tunampa kwaya, mpuliza filimbi tunampa kundi la filimbi, mwenye nguvu tunampa kazi ya kujenga nyumba ya Mungu. Kama mahali fulani tunawaambia tu «acha» bila kuwaambia «shika hiki», hapo mna haki ya kulalamika, na kosa ni letu. Lakini msitupe nguzo kwa sababu mmeona nguzo moja imelazwa vibaya. Nyumba isiyokuwa na kitu cha kuzuia paa haiwi na uhuru. Inaanguka.

Upendo, Amri na Kazi: hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na mpango wake una maana. Amri imewekwa katikati, upendo mkono huu, kazi mkono huu. Amri ikiondolewa upendo, inakuwa barieri. Ikiondolewa kazi, inakuwa maneno ya mdomo. Siku ile mlangoni tulikuwa na amri peke yake.

Tangu siku ile kuna sanduku la mbao kando ya mlango wa nyumba ile ya sala. Ndani yake mama wameweka vitambaa na vitenge, vimefuliwa, vimekunjwa. Mlinzi akimwona mama amekuja kichwa wazi, hasemi tena «huwezi kuingia». Anafungua sanduku, anasema: «Karibu, mama, chagua.» Tunawaomba wote wanaosoma maneno haya wafanye vilevile kwao. Na nyumbani kwenu pia, itazameni kila sheria mliyoiweka juu ya mke, juu ya mtoto, juu ya mkwe, juu ya mgeni. Karibu na kila mlango mnaoufunga, wekeni sanduku.

Sanduku lile limewafaa wengi. Halikumfaa yule mama. Yeye alipita, na hatuwezi kumrudisha. Kama kati yenu kuna anayemjua, mama aliyepita na mtoto mgonjwa mgongoni, aliyeachia kitambaa chake kwenye barieri ya pili, tunaomba amwambie hivi: kitambaa chake kiko hapa, na mlango uko wazi, na tunaomba msamaha.

Bwana atupe kujua lini tusimame kama nguzo na lini tutoke njiani. Amina.